UNATAKA KUWA DAKTARI? MLANGO HUANZA KUFUNGWA KIDATO CHA PILI





Kila mwaka katika mahafali ya madrasa yetu kuna kipengele ambacho wageni hukipenda sana. Mtoto husimama mbele, akimaliza kusoma sura yake huulizwa: "Ukiwa mkubwa unataka kuwa nani?" Wapo wanaosema rubani, wapo wanaosema mwalimu, lakini walio wengi hujibu "daktari". Hapo takbira hupigwa, mama huinuka kwenda kumtunza mwanawe, na shughuli huendelea. Hakuna anayemuuliza mtoto yule swali la pili: "Daktari husoma masomo gani, na huanza kuyasoma lini?"

Makala hii inajaribu kujibu swali hilo la pili. Ni kwa ajili ya mwanafunzi wa sekondari anayekuja madrasa jioni, na kwa mzazi wake ambaye pengine hakubahatika kufika sekondari na hana wa kumuuliza. Naiandika pia kwa sababu nina deni, nami nitalieleza deni hilo kwanza.

FIZIKIA NILIYOSHAURI IACHWE

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na binti hapa madrasa aliyekuwa amefika juzuu ya kumi na tano katika hifdhi. Shuleni alikuwa kidato cha pili na alama zake zilikuwa nzuri. Ulipofika wakati wa kuchagua masomo ya kidato cha tatu, baba yake alinijia baada ya sala ya Alasiri. Tatizo lilikuwa hili: mazoezi ya maabara ya Fizikia yalifanyika baada ya vipindi, siku mbili kwa wiki, na saa hizo ndizo saa za hifdhi. Akaniuliza, "Ustadh, tufanyeje?"

Sikumuuliza binti anataka kuwa nani. Sikumtafuta mwalimu wake wa shule. Nilijibu pale pale: "Fizikia mwache aiache, kwani anataka kuwa fundi umeme? Kemia na Biolojia zinamtosha." Baba akaridhika, akashukuru, akaenda zake.

Baada ya miaka miwili matokeo ya kidato cha nne yalitoka. Binti alipata daraja la pili, na ndani yake B ya Kemia na B ya Biolojia. Alikuja nyumbani na baba yake, akaniamkia, akasema nia yake ni kusomea udaktari. Tukakaa pamoja na kaka yake anayefanya kazi zahanati, tukafungua miongozo ya udahili kwenye simu. Tulianza na shahada ya udaktari, tukashuka kwenye stashahada ya utabibu. Kote huko Fizikia ilikuwamo. Binti alinyamaza kwa muda, kisha akasema kwa adabu, "Kumbe Ustadh ulikuwa hujui."

Kweli nilikuwa sijui. Baba yake hakunilaumu, ila alisema neno ambalo sijalisahau: "Maalim, tulikuuliza wewe kwa sababu hatukuwa na mwingine wa kumuuliza."

Binti yule alijisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea, akasoma Fizikia ya miaka minne kwa muda wa miezi michache kwa mwalimu wa tuisheni, akaingia kwenye mtihani mwezi wa Novemba. Alipata C, alhamdulillah, na hivi sasa anasomea utabibu. Lakini alipoteza mwaka mzima, na baba yake, ambaye ni fundi cherehani, aliuza cherehani moja kati ya mbili alizokuwa nazo ili kulipia somo ambalo shuleni lilikuwa likifundishwa darasa la jirani. Hilo ndilo deni langu. Nalilipa kwa kuandika hapa yale ambayo siku ile nilipaswa kuyajua au kwenda kuyauliza.

NJIA MBILI ZA KUINGIA CHUO CHA UDAKTARI

Hapa Tanzania shahada ya kwanza ya udaktari wa binadamu, ambayo kwa kifupi huitwa MD, husomwa kwa miaka 5. Baada ya hapo mhitimu hufanya kazi hospitalini kwa mwaka 1 chini ya usimamizi wa madaktari wakubwa kabla ya kupata usajili kamili. Chuo kikongwe ni Muhimbili, kilichoanza mwaka 1963 kama shule ya udaktari ya Dar es Salaam na kuwa chuo kikuu kinachojitegemea mwaka 2007. Leo udaktari unafundishwa pia Moshi, Mwanza, Dodoma, Mbeya, Zanzibar na kwingineko. Masharti ya kuingia huandikwa kila mwaka katika mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), na kila mtu anaweza kuusoma bila malipo.

Zipo njia kubwa mbili.

Njia ya kwanza ni kidato cha sita. Mwanafunzi anatakiwa awe amesoma Fizikia, Kemia na Biolojia, yaani mchepuo wa PCB, au tahasusi kama inavyoitwa sasa. Alama za kidato cha sita hugeuzwa kuwa pointi: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Miongozo ya miaka ya karibuni inataka jumla isiyopungua pointi 6, na katika masomo hayo matatu asiwe na lililoshuka chini ya D. Tazama hesabu hii. Mwanafunzi wa kwanza ana D tatu, jumla yake ni pointi 6. Huyu ametimiza sharti la chini. Mwanafunzi wa pili ana A ya Biolojia, B ya Kemia na E ya Fizikia, jumla yake ni pointi 10. Huyu anaonekana amefaulu zaidi, lakini E yake ya Fizikia inamzuia. Kwa hiyo si jumla pekee inayotazamwa. Kila somo lina haki yake.

Njia ya pili ni stashahada ya utabibu. Hii husomwa kwa miaka 3 na mtu huingia kwa matokeo ya kidato cha nne. Anatakiwa awe amefaulu angalau masomo manne yasiyo ya dini, na ndani yake ziwemo Fizikia, Kemia na Biolojia. Akimaliza anakuwa tabibu, yaani yule anayetupokea katika vituo vingi vya afya na ambaye wengi wetu humwita daktari. Tabibu akitaka kuendelea na shahada ya MD anaruhusiwa kuomba, iwapo stashahada yake ina wastani wa B, au GPA isiyopungua 3.0. Lakini chuo hurudi kutazama cheti chake cha kidato cha nne, na hapo hutakiwa angalau D katika masomo matano: Hisabati, Kemia, Biolojia, Fizikia na Kiingereza.

Msomaji, rudia kuisoma sentensi hiyo ya mwisho, maana ndani yake kuna mtego ambao umewanasa watu wazima wenye kazi zao. Tunauendea sasa hivi.

MITEGO MITANO

Mtego wa kwanza ni kuacha Fizikia. Katika shule nyingi utaratibu uliozoeleka ni kwamba mwanafunzi akitoka kidato cha pili huchagua kuendelea na masomo ya sayansi au kuyaacha. Wengi huacha Fizikia na kubaki na Biolojia, wakidhani udaktari ni Biolojia. Anayefanya hivyo amefunga njia zote mbili kwa siku moja akiwa na umri wa miaka kumi na tano au kumi na sita, na mara nyingi hajui kama amefunga kitu. Mitaala iliyoboreshwa imeanza kutumika kwa hatua tangu mwaka 2024, kwa hiyo mzazi aulize shuleni kwa mwanawe: "Uchaguzi wa masomo unafanyika kidato gani?" Asingoje kuitwa.

Mtego wa pili unatuhusu zaidi sisi watu wa madrasa. Wanafunzi wetu hufanya vizuri katika somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu, na ni furaha yetu. Lakini mtu akihesabu masomo manne ya kuingilia stashahada ya utabibu, somo hilo halimo katika hesabu. Mwenye D ya Fizikia, D ya Kemia, C ya Biolojia na A ya Elimu ya Dini ana masomo matatu, si manne. Anahitaji la nne, iwe Kiswahili, Jiografia, Kiingereza au jingine. Sisemi somo la dini liachwe, Allah atuepushe. Nasema lisihesabiwe mahali ambapo wenye chuo hawalihesabu.

Mtego wa tatu ni Hisabati na Kiingereza. Ukisoma masharti ya stashahada utaona kwamba masomo hayo mawili si ya lazima, ila mwenye kuyafaulu ana nafasi nzuri zaidi. Kijana husoma hapo akafurahi: "Hisabati nilipata F, lakini nimechaguliwa!" Anasoma miaka mitatu, anafaulu vizuri, anaajiriwa, anaoa. Baada ya miaka saba anataka kwenda kusoma MD. Anapeleka cheti chake kizuri cha stashahada, na anajibiwa kwamba kidato cha nne hana Hisabati. Mtu mzima mwenye watoto inambidi arudi kujisajili mtihani wa kidato cha nne. Mlango aliodhani ameupita miaka saba nyuma ulikuwa unamngoja mbele.

Mtego wa nne ni kuchagua mchepuo kwa jina au kwa kufuata rafiki. PCM ni sayansi, lakini haina Biolojia. CBG ina Kemia na Biolojia, lakini haina Fizikia. Yote ni michepuo mizuri, na wapo wahandisi, walimu na wataalamu wa kilimo na mazingira waliotokea huko. Lakini si njia ya udaktari. Mwaka 2024 serikali iliongeza tahasusi nyingi mpya, zikiwemo za elimu ya dini, na baadhi ya wazazi wamechanganyikiwa kwa wingi wa herufi. Kwa anayetaka udaktari jambo halikubadilika: ni Fizikia, Kemia na Biolojia. Mwanafunzi hujaza chaguo lake akiwa kidato cha nne, na katika miaka ya karibuni amekuwa akipewa muda wa kulibadilisha kwa njia ya mtandao baada ya matokeo kutoka. Muda huo ni mfupi, nao ukipita umepita.

Mtego wa tano ni kudhani kwamba kutimiza sharti ni kuchaguliwa. Pointi 6 ni ruhusa ya kupanga foleni tu. Nafasi za MD ni chache na waombaji ni wengi, hivyo vyuo huanza kuchukua wenye alama za juu. Anayelenga D tatu amelenga mwisho wa foleni. Alenge A na B, ili hata akiteleza aangukie C.

KWA NINI WANATAKA MASOMO HAYA?

Mwanafunzi mmoja aliniuliza, "Ustadh, daktari anatibu watu, Fizikia ya nini?" Ni swali zuri, na safari hii sikujibu pale pale. Nilikwenda kwanza kuwauliza wenye kujua. Nitatoa mifano ambayo kila mmoja wetu ameiona.

Umeona mtu akipimwa presha. Mkono hufungwa kitambaa, hewa hujazwa, kisha hutajwa namba mbili, kwa mfano 120 kwa 80. Namba hizo ni milimita za zebaki, na maana yake ni nguvu ambayo damu inasukuma kuta za mishipa, ya kwanza wakati moyo unapobana na ya pili unapolegea. Hiyo ni mada ya presha, ambayo mwanafunzi hukutana nayo mapema kabisa katika Fizikia. Kadhalika miwani ya babu ni mada ya lenzi. Picha ya mtoto aliye tumboni ni mada ya mawimbi ya sauti. Kipimo cha moyo chenye nyaya kifuani ni mada ya umeme. Kwa hiyo hata yule "fundi umeme" niliyemdharau siku ile yumo hospitalini.

Sasa Kemia na Biolojia. Mtoto akiharisha hupewa maji ya ORS. Pakiti inayochanganywa na lita 1 ya maji safi, kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, ina chumvi ya kawaida gramu 2.6, sukari ya glukosi gramu 13.5, kloridi ya potasiamu gramu 1.5 na sitrati ya sodiamu gramu 2.9. Kwa nini sukari, wakati mtoto anahitaji maji na chumvi? Kwa sababu katika ukuta wa utumbo glukosi na sodiamu huingia mwilini kwa pamoja, kama wasafiri wawili wenye tiketi moja, na maji huwafuata. Na kwa nini tunaambiwa tusiongeze sukari ili iwe tamu? Kwa sababu sukari ikizidi ndani ya utumbo huvuta maji kutoka mwilini, na kuharisha huongezeka. Mwanafunzi aliyeielewa osmosisi darasani ataelewa jambo hilo kwa dakika moja. Aliyeikariri kwa ajili ya mtihani atalisahau, na siku moja mtoto wa mtu atakuwa mbele yake.

Na Hisabati? Chukua dawa ya homa ya paracetamol. Tuseme tabibu ameamua kumpa mtoto miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto ana kilo 10, basi anahitaji miligramu 150. Chupa imeandikwa miligramu 120 katika kila mililita 5. Ampe mililita ngapi? Gawanya 150 kwa 120, zidisha kwa 5, utapata 6.25. Nimeutoa mfano huu ili tuone hesabu. Nyumbani tufuate maelekezo ya tabibu na ya chupa yenyewe. Lakini angalia: ni hesabu ya uwiano ya sekondari, na anayeweka nukta mahali pasipo pake atampa mtoto dawa mara kumi zaidi.

Kiingereza hakihitaji maelezo marefu. MD hufundishwa kwa Kiingereza, vitabu vyake ni vya Kiingereza, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza husomeshwa anatomia, fiziolojia na bayokemia kwa kasi ambayo haimngojei anayetafsiri neno moja moja.

WENYE NDUGU NG'AMBO

Baadhi ya wanafunzi wetu wana wajomba na mashangazi Marekani, na huko huletewa habari zinazowachanganya. Kijana mmoja aliniambia, "Binamu yangu yuko chuo kikuu Marekani, amesema masomo ya kuingilia udaktari anayachukua huko huko chuoni. Nami nitafanya hivyo."

Binamu yake hakusema uongo, ila utaratibu wa kule ni mwingine. Marekani mtu husoma kwanza shahada ya kawaida, kwa kawaida miaka 4, ndipo huomba chuo cha udaktari, ambako husoma miaka mingine 4. Ile shahada ya kwanza inaweza kuwa ya fani yoyote, hata historia, alimradi ndani yake awe amechukua masomo yanayotakiwa. Kwa kawaida ni mwaka mmoja mmoja wa biolojia, kemia, kemia ya kaboni na fizikia, pamoja na maabara zake, na vyuo vingi huongeza bayokemia. Kila chuo kina orodha yake. Kisha hufanya mtihani unaoitwa MCAT, wenye sehemu nne na alama ya juu kabisa 528. Huko kijana aliyeacha fizikia sekondari anaweza kuianza upya chuo kikuu, ingawa nako anayechelewa kupanga hujikuta ameongeza mwaka, kwa sababu kemia ya kaboni haichukuliwi kabla ya kemia ya mwanzo kumalizika.

Hapa kwetu kijana huingia MD moja kwa moja kutoka kidato cha sita. Yale ambayo mwenzake wa Marekani anayakamilisha akiwa na miaka ishirini na moja, huyu wa kwetu huulizwa akiwa hajafika hata ishirini, na msingi wake huwekwa kidato cha tatu. Sisemi njia ipi ni bora. Nasema anayesafiri aulize njia ya basi alilopanda, asiulize ya basi la mwenzake.

MADRASA NA MAABARA

Wapo wazazi ambao, wakisoma hadi hapa, watasema: basi mtoto aache madrasa asome sayansi. Na wapo watakaosema: basi sayansi haina haja, mtoto ahifadhi Qur'ani. Wote wawili wamedhani kwamba lazima kimoja kife ili kingine kiishi, na hilo ndilo kosa nililolifanya mimi.

Ibn al-Nafis, aliyefariki Cairo mwaka 1288, alikuwa mwalimu wa fiqhi ya madhehebu ya Imamu Shafi, haya haya tunayoyasoma hapa, na alikuwa tabibu. Ndiye aliyeandika kwamba damu hutoka upande wa kulia wa moyo, hupita mapafuni, kisha hurudi upande wa kushoto, wakati matabibu waliomtangulia walishika kauli ya Galen kwamba damu hupenya ukuta ulioko katikati ya moyo. Hakuambiwa achague moja.

Kwa upande wetu, baada ya kisa cha binti yule tulikaa walimu na kamati ya wazazi, tukakubaliana mambo yafuatayo, na yanaendelea hadi sasa:

Kwanza, mwanafunzi wa sekondari mwenye mazoezi ya maabara jioni alete karatasi kutoka shuleni yenye siku na saa. Hataandikwa mtoro.

Pili, hifdhi yake atasikilizwa baada ya sala ya Alfajiri au Jumamosi asubuhi. Mwalimu wa zamu anajulikana.

Tatu, mwalimu yeyote wa madrasa akiulizwa juu ya kuacha somo la shule asijibu peke yake. Amwambie mzazi, "Twende shuleni kwa mwalimu wa taaluma," na ikiwezekana afuatane naye.

Hilo la tatu ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu sisi walimu tumezoea kuulizwa na kujibu. Lakini kusema "sijui, twende tukaulize" kungemwokolea fundi yule cherehani yake.

NASAHA KWA WANAFUNZI

Wewe wa kidato cha kwanza na cha pili: usiseme Fizikia ni ngumu kabla hujakaa nayo. Mara nyingi kinachoitwa ugumu wa Fizikia ni upungufu wa Hisabati. Rekebisha sehemu, uwiano na milinganyo rahisi, nusu ya ugumu utaondoka.

Wewe wa kidato cha tatu na cha nne: usikose maabara. Mtihani una sehemu ya vitendo, na pipeti haifundishwi kwa maelezo. Shika masomo matano kama vidole vya mkono mmoja: Fizikia, Kemia, Biolojia, Hisabati, Kiingereza.

Wewe ambaye tayari umeacha Fizikia au umeipata F: mlango umefungwa, lakini haukujengewa tofali. Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea hufanyika miezi ya mwanzo ya mwaka na mtihani ni Novemba. Ukitoka matokeo Januari, usikae nyumbani ukisikitika hadi Aprili. Nenda kwenye kituo cha mtihani kilicho karibu ukaulize wiki hiyo hiyo.

Wewe wa kidato cha tano na cha sita: gawa saa zako kwa haki. Wengi hupenda Biolojia wakaizidishia, na Fizikia huipa saa za usingizi. Kumbuka yule mwenye pointi 10 aliyezuiwa na E moja.

NASAHA KWA WAZAZI

Mzazi, huhitaji kujua Fizikia ili kumsaidia mwanao. Unahitaji maswali manne tu. Nenda shuleni uulize: Mwanangu anasoma masomo gani? Lipi amepanga kuliacha, na likiachwa linafunga kazi gani? Shule ina mwalimu wa somo hilo na maabara inayofanya kazi? Na uchaguzi unafanyika lini? Andika majibu, uyaweke pamoja na cheti cha kuzaliwa.

Kuhusu cheti hicho, hakikisha jina la shuleni linafanana na la cheti herufi kwa herufi. Majina yetu huandikwa kwa namna nyingi: Fatma na Fatuma, Mohamed na Muhammad. Rekebisheni kabla ya usajili wa mtihani wa kidato cha nne, maana baadaye ni gharama na safari nyingi.

Na tusiwabague mabinti. Kila siku mama zetu hutamani wahudumiwe na daktari mwanamke wakati wa uzazi. Daktari huyo hatashuka kutoka juu. Ni binti wa mtu aliyeachiwa asome Fizikia.

HITIMISHO

Ndugu zangu, niliyoyasema yanakusanywa na jambo moja: udaktari haukataliwi siku ya kuomba chuo, hukataliwa siku ya kuacha somo. Siku ya kuomba ni ya kusomewa tu hukumu iliyoandikwa miaka minne nyuma. Kwa hiyo tuulize mapema, na tuwaulize wanaojua. Masharti hupitiwa kila mwaka, basi kabla ya kuamua lolote fungueni mwongozo wa TCU kwa shahada na ule wa NACTVET kwa stashahada, wa mwaka husika.

Katika mahafali ya mwaka huu, mtoto akisimama akasema "daktari", tupige takbira kama kawaida yetu. Kisha mmoja wetu amuulize: "Na Fizikia unaendeleaje nayo?"

Allah awafungulie watoto wetu milango ya kheri na atusamehe sisi walimu pale tulipojibu bila ya kujua. Amin.

Wabillahi tawfiq.